Programu za Bure: Jinsi ya Kuzijaribu Kabla ya Kuzikabidhi Kazi Yako

UTANGULIZI

Leo tunazungumzia jambo ambalo mafrateri, makatibu wa parokia, walimu wa kwaya na vijana wanaosimamia blogu huulizana mara kwa mara: je, programu na huduma za mtandaoni zinazotolewa bure zinafaa kwa kazi ya kweli? Na kama zinafaa, mtu azijaribuje bila kuharibu kazi aliyo nayo tayari?

Lugha yetu imetuonya mapema. Neno "bure" lina maana mbili. Ukipewa kitabu bure, hukulipa kitu. Ukihangaika bure, umerudi mikono mitupu. Programu isiyolipiwa inaweza kuwa bure kwa maana ya kwanza, na usipoichunguza ikaja kuwa bure kwa maana ya pili pia. Umeweka humo matangazo ya miaka mitano, rekodi za kwaya na mihutasari ya vikao vya halmashauri ya walei, halafu siku moja haifunguki, au imefunga milango na kuhama na vitu vyako.

Baada ya somo hili, msomaji aweze kufanya mambo matatu: kutofautisha aina za "bure", kuijaribu programu kwa utaratibu badala ya kubahatisha, na kujua kama anaweza kuondoka na kazi yake yote siku akiamua kuondoka. Hilo la tatu ndilo kiini cha somo. Mtu akikaribishwa kupanga nyumba hutazama vyumba, paa na maji. Katika programu ya bure, tazama kwanza mlango wa kutokea.

1. "BURE" SI MOJA

Kabla ya kupakua chochote, jiulize ni bure ya aina gani. Zipo aina nne, na ya tano inayojiita bure ilhali sivyo.

(a) Programu huria. Kiingereza kina neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kitu kilicho huru, na jambo hilo limewachanganya watu wengi. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", kwa hiyo tunaelewa upesi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Wazo lake lilikuwa kwamba mtumiaji wa programu awe na uhuru wa aina nne: kuitumia kwa kusudi lolote; kuchunguza ilivyoandikwa na kuibadili; kuwagawia wengine nakala; na kuwagawia wengine hata ile aliyoibadili mwenyewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux, kikaunganishwa na kazi ya GNU. LibreOffice, Firefox, VLC, Audacity, GIMP, 7-Zip na WordPress zote ni programu huria.

Uhuru huo umetugusa hata sisi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leseni yenyewe iliruhusu kufanya hivyo. Programu ya dukani ingebaki kusubiri mwenyewe aone faida ya kututafsiria.

(b) Bure ya mwenye mali. Hulipi, lakini programu inabaki mali ya kampuni na huruhusiwi kuona ilivyoandikwa. Acrobat Reader ya kusomea PDF ni mfano. Inaweza kuwa nzuri sana, ila mwenye mali ndiye anayepanga masharti, na anaweza kuyabadili.

(c) Bure ya kuonja. Unapewa siku kadhaa, au unapewa programu iliyokatwa baadhi ya uwezo wake. Hapa swali ni moja: siku zikiisha, je, nitaweza bado kufungua mafaili niliyoyatengeneza? Kama jibu ni hapana, usitengeneze humo kitu unachokihitaji kesho.

(d) Huduma za mtandaoni. Blogger, Gmail, Canva na nyingine nyingi hazilipiwi, au zina sehemu isiyolipiwa. Malipo yapo kwa njia nyingine: matangazo, taarifa kuhusu matumizi yako, au matumaini ya kampuni kwamba siku moja utanunua sehemu ya kulipia. Kazi yako haikai kwenye kompyuta yako. Inakaa kwao.

(e) Programu zilizovunjwa kufuli. Hizi ndizo nyingi katika flashi zinazozunguka mitaani na katika kompyuta zinazotoka kwa fundi "zikiwa na kila kitu". Tusizungushe maneno: hizo si za bure, ni za wizi. Amri ya Saba haina kifungu kinachoisamehe kompyuta, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zaidi ya dhambi na sheria, kuna hatari ya kawaida kabisa. Programu ya kuvunjia kufuli mara nyingi hukutaka uzime kwanza kinga ya virusi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, unamwachia nyumba? Tena, kompyuta nyingi za namna hii huzimwa masasisho ili wizi usigundulike. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, kikidai fidia. Dawa ya udhaifu kilioutumia ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao dawa haikuwa imefika kwao.

Habari njema ni kwamba kwa kazi nyingi za parokia na masomo, ipo programu huria inayotosha. Asiye na fedha halazimiki kuiba.

2. HATUA SITA ZA KUJARIBU

Hatua ya kwanza: andika haja yako. Usianze na programu, anza na kazi. "Nataka kuandaa kijarida cha kurasa nane chenye picha na jedwali la ratiba ya ibada." "Nataka kukata mwanzo na mwisho wa rekodi ya kwaya." Asiyejua anachotafuta atapakua programu kumi, bando litakwisha, na kazi haitafanyika.

Hatua ya pili: pakua kwa mwenyewe. Nenda kwenye tovuti ya watengenezaji, si kwenye tovuti ya kwanza itakayojitokeza ukitafuta. Tovuti nyingi za kupakulia zimejaa vitufe vya kijani ambavyo ni matangazo tu. Hata tovuti yenye jina inaweza kuteleza: mwaka 2015 SourceForge, iliyokuwa maarufu kwa programu huria, ilikutwa ikitoa GIMP ya Windows ikiwa imefungashwa pamoja na matangazo ambayo watengenezaji wa GIMP hawakuyaweka. Wamiliki wapya walioinunua mwaka 2016 waliuondoa utaratibu huo. Wakati wa kuweka programu, soma kila dirisha kabla ya kubonyeza "Next". Kisanduku kilichotiwa alama ya kukubali kitu usichokiomba, kiondolee alama.

Hatua ya tatu: fanyia jaribio kwenye nakala. Tengeneza folda iitwayo Jaribio, nakili humo mafaili machache, na uyaache ya asili yalipo. Kama mna maabara ya kompyuta, jaribu kwenye mashine moja kwanza.

Hatua ya nne: tumia kazi halisi. Ukijaribu programu ya kuandikia kwa kuandika "habari za leo" na kuifunga, hujajaribu kitu. Mpe kazi ngumu uliyo nayo: tasnifu yenye tanbihi, hesabu ya michango ya mwaka mzima, au kile kijarida chenye safu mbili.

Hatua ya tano: jaribu kutoka. Hifadhi kazi, kisha uifungue kwa programu nyingine, kwenye kompyuta nyingine. Ikifunguka na kusomeka, mlango upo. Ikigoma, umejua mapema, tena kwa nakala.

Hatua ya sita: weka muda na andika matokeo. Wiki mbili zinatosha kwa programu nyingi. Katika daftari andika jina la programu, toleo, tarehe, ulichojaribu, kilichokubali, kilichokataa, na uamuzi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na muda wako nao ni mali. Anayekuja baada yako katika ofisi ile hatalazimika kuanza upya.

3. MIFANO MIWILI YA KAZI ZETU

Mfano wa kwanza: kijarida na hesabu kwa LibreOffice

LibreOffice ilianza mwaka 2010 ikitokana na OpenOffice.org. Ndani yake mna Writer ya kuandikia, Calc ya mahesabu, Impress ya maonyesho, na nyinginezo. Hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Muundo wake wa asili, kama .odt kwa maandishi, ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006, maana yake si siri ya kampuni moja, na programu nyingine zinaweza kuusoma.

Chukua nakala ya kijarida kilichoandikwa kwa Word na ukifungue kwa Writer. Angalia mambo manne. Je, idadi ya kurasa ni ileile? Je, jedwali limekaa sawa? Je, picha zimebaki mahali pake? Je, maumbo ya herufi yamebadilika? Hili la mwisho ndilo mara nyingi huhamisha mistari, kwa sababu Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft. LibreOffice huja na Carlito na Caladea, zilizochorwa kwa upana uleule ili mistari isihame, lakini herufi nyingine za mapambo hazina mbadala. Kama hati ina herufi za pekee, zibadilishe kwanza.

Kwa hesabu, fungua nakala ya faili la michango katika Calc na ulinganishe jumla ya kila mwezi na ile ya asili. Jumla za kawaida hazisumbui. Zinazoweza kugoma ni zile hesabu zilizoandikiwa amri za kujiendesha ndani ya Excel, ziitwazo makro. Ukiwa nazo, zijaribu moja moja.

Kuna tunu moja kwa wanaoandika Kiswahili: LibreOffice ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Chagua Kiswahili kuwa lugha ya hati, na ule utitiri wa mistari myekundu chini ya kila neno utapungua. Haitakugundulia kila kosa, maana viambishi vyetu ni vingi, lakini "parokai" haitapita kimya.

Hati ya kugawa, itoe kwa PDF humohumo ndani ya Writer. Huna haja ya kuipeleka kwenye tovuti ya kubadilishia mafaili. Hili tutalirudia, maana lina uzito wake.

Mfano wa pili: rekodi ya kwaya kwa Audacity

Audacity ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani. Inarekodi sauti, inakata, inapunguza kelele na kusawazisha ukubwa wa sauti. Kwa kwaya yenye maikrofoni moja na kompyuta ya kawaida, inatosha kabisa kuanzia.

Hapa mlango wa kutokea umejificha kidogo, na wengi hukwama. Ukibonyeza "Save", Audacity haitengenezi wimbo wa kupigwa kwenye simu. Inahifadhi karakana nzima: vipande, mikato na marekebisho yote. Faili hilo, lenye herufi .aup3 mwishoni tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, hufunguliwa na Audacity tu. Kabla ya toleo hilo mambo yalikuwa ya hatari zaidi: kulikuwa na faili dogo la .aup na folda ya sauti kando yake. Aliyenakili faili dogo kwenye flashi akaiacha folda, alibeba bahasha bila barua.

Kwa hiyo, kila rekodi iliyokamilika itolewe kwa "Export" mara mbili: nakala ya WAV kwa ajili ya kutunza, maana haipunguzi ubora, na nakala ya MP3 kwa ajili ya kugawa, maana ni nyepesi. Jaribio lako halijaisha mpaka umeipiga ile MP3 kwenye simu ya mtu mwingine. Kanuni hiyohiyo inahusu GIMP: faili la .xcf ni karakana, la JPEG au PNG ni la kugawa.

4. KUJARIBU MFUMO MZIMA BILA KUUHAMIA

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti ya Windows 11, ingawa bado ni nzima. Katika seminari na ofisi za parokia mashine kama hizi ni nyingi, tena nyingi ni za kupewa. Kuzitupa ni hasara, na kuzitumia mtandaoni bila masasisho ni hatari.

Njia moja ni kuweka mfumo huria wa Linux. Ubuntu, uliotoka kwanza mwaka 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umechukua jina lake katika lugha ndugu na yetu, na sisi tungesema "utu". Linux Mint umejengwa juu ya Ubuntu, na aliyezoea Windows hapotei humo. Wenyewe wanasema unahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2, na gigabaiti 4 ili ufanye kazi kwa raha.

Uzuri wake kwa somo letu ni kwamba mifumo hii unaweza kuionja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo katika kompyuta. Fanya hivi:

Pakua faili la Linux Mint kutoka tovuti yake. Ni kubwa, karibu gigabaiti 3, hivyo tafuta mahali penye intaneti isiyo ya bando. Chukua flashi ya gigabaiti 8 isiyo na kitu, kwa sababu kila kilichomo kitafutwa. Kwa programu ndogo iitwayo Rufus, andika lile faili kwenye flashi. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa mashine nyingi ni F12, F9 au Esc. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi.

Sasa fanya ukaguzi: Je, Wi-Fi imekamata? Sauti inatoka? Printa ya ofisi inachapa? Projekta inaonyesha? Video inacheza? Mafaili yako ya zamani yanafunguka? Usihukumu kasi, kwa sababu flashi ni nzito kuliko diski. Na usishangae ukizima na kuwasha tena ukakuta ulichoandika hakipo. Katika hali ya kuonja, hakuna kinachobaki.

Kwenye meza ya mfumo utaona alama ya kuuweka moja kwa moja. Usiiguse siku hiyo. Kuweka mfumo kunaweza kufuta diski nzima, kwa hiyo siku ya kuhama ni baada ya kutoa nakala za mafaili yote na kuzifungua mahali pengine kuona kama ni nzima. Usiache mbachao kwa msala upitao.

5. ZANA ZA BLOGU

Blogger ilianza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, mwaka uleule WordPress ilipotoka. Zote mbili zinafaa, lakini WordPress huwachanganya watu kwa sababu ni mbili kwa jina moja. Ile ya wordpress.org ni programu huria unayoipakua na kuiweka kwenye tovuti unayoilipia mahali pa kukaa. Ile ya wordpress.com ni huduma. Unaweza kufungua blogu humo bila malipo, na wao huweka matangazo yao na jina lao katika anwani yako. Anayesema "WordPress ni bure" hajasema uongo, ila hajakwambia ni ipi.

Jaribu namna hii. Fungua blogu ya majaribio, iwekee mpangilio wa faragha ili isionekane na watu, na uandike makala tatu: moja ya maandishi tu, moja yenye picha, moja yenye sauti au video. Zisome kwa simu ya kawaida ukitumia bando, si kwa Wi-Fi ya ofisi, kwa maana ndivyo waamini wako wengi watakavyosoma. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukiweka kumi umemtwisha msomaji megabaiti 40 kwa habari moja ya sherehe ya kipaimara. Zipunguze kwa GIMP hadi upana wa piseli 1200, nyingi zitashuka chini ya nusu megabaiti.

Kisha jaribu mlango. Katika WordPress, sehemu ya zana ina "Export", inayokupa faili lenye makala na maoni. Blogger nayo ina sehemu ya kutoa nakala katika mipangilio. Chukua faili hilo, ufungue blogu nyingine, uliingize, uone kama makala zote zimefika. Zingatia sana: faili la WordPress halibebi picha zenyewe, linabeba anwani zake tu. Blogu ya zamani ikifutwa, picha zimekwenda nayo. Kwa hiyo kila picha unayoweka kwenye blogu iwe pia kwenye folda yako, imepangwa kwa mwaka na mwezi.

Kuna anayesema, "Kampuni kubwa haiwezi kufunga." Historia inasema vingine. GeoCities, iliyokuwa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009 kote isipokuwa Japani, ambako nako ilifungwa mwaka 2019. Posterous, huduma ya blogu za bure, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kufungwa mwaka 2013. Google+ ilifungwa mwaka 2019. Katika kila tukio watumiaji walipewa muda wa kuchukua vitu vyao. Walionusurika ni waliokuwa wakisoma barua pepe zao na waliojua mlango uko wapi. Mtumai cha ndugu hufa maskini, na aliyetumaini cha kampuni hana hata undugu wa kudai.

Kuhusu mapambo ya blogu, kama vihesabu vya wageni, saa, redio, vitufe vya kushirikisha na violezo vya rangi, kumbuka jambo moja. Ukiambiwa "nakili msimbo huu uubandike kwenye blogu yako", unampa mtu wa nje ufunguo wa ukurasa wako. Leo anaonyesha idadi ya wageni, kesho anaweza kuonyesha matangazo ya kamari au picha chafu juu ya tangazo lako la mafungo. Ongeza kimoja kimoja, andika tarehe, subiri siku chache, fungua blogu kwa simu uone kama imekuwa nzito. Kisichosaidia msomaji, kiondoe. Violezo vya kulipia vinavyogawiwa kwa wizi viepuke kabisa, maana humo ndimo misimbo mibaya hupenda kufichwa.

Kwa wasomaji wa Tanzania: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitolewa mwaka 2018, zikatungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Kabla blogu ya parokia haijatoka katika faragha, paroko ajue, na TCRA iulizwe kama blogu ya aina hiyo inahitaji leseni.

6. VITU VISIVYOFANYIWA JARIBIO

Tulisema tutarudi kwenye tovuti za kubadilisha mafaili. Unapopeleka hati huko ili iwe PDF, hati imetoka mikononi mwako na kulala kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Kama ni ratiba ya usafi, hakuna shida. Kama ni barua ya siri kuhusu mseminari, kesi ya ndoa, au orodha ya wagonjwa wanaotembelewa, umetoa siri ya watu kwa kazi ambayo LibreOffice ingeifanya mezani kwako kwa sekunde chache.

Ndivyo ilivyo kwa fomu za mtandaoni za kukusanyia majina, namba za simu na michango ya wanajumuiya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Lakini hata kabla ya sheria, mwamini alitaja jina na mchango wake kwa katibu wa jumuiya, hakumtajia dunia. Kwa majaribio, tunga majina. Usijaribie daftari la ubatizo wala bahasha za zaka. Picha za watoto nazo zisipandishwe hata kwenye blogu ya majaribio bila ruhusa ya wazazi.

HITIMISHO

Programu za bure zimewawezesha wengi kufanya kazi ambazo zamani zilihitaji fedha nyingi, na hakuna sababu ya kuzidharau. Wala hakuna sababu ya kuzirukia. Jua ni bure ya aina gani, pakua kwa mwenyewe, jaribia nakala, tumia kazi halisi, pita kwenye mlango wa kutokea, na uandike ulichokiona. Programu ikikuruhusu kuondoka na kazi yako nzima, unaweza kukaa kwake kwa amani. Ikikuzuia, bei yake utaijua siku ya kuondoka.

ZOEZI NA MASWALI YA KUJADILIANA

1. Orodhesha programu zote unazotumia katika kompyuta yako au ya ofisi. Kila moja iweke katika mojawapo ya aina tano za sehemu ya kwanza. Zilizo katika aina ya tano, tafuta mbadala wake halali.

2. Chagua hati moja ngumu, uifanyie hatua sita kwa LibreOffice, na uandike matokeo ukurasa mmoja.

3. Kama kikundi chenu kina blogu, toeni nakala yake leo. Je, picha zote mnazo? Nani mwingine, mbali na msimamizi, anajua nywila na mahali nakala ilipo?

4. Huduma mnayoitumia sana ikitangaza kwamba itafungwa baada ya siku 30, mtapoteza nini? Mnaweza kufanya nini wiki hii ili jibu liwe "hakuna"?